Klachi Haiachii? Pima Kwanza, Giaboksi Isubiri

Pikapu ya zamani ikianza kukwaruza rivasi, ushauri wa kwanza utakaoupata ni kushusha giaboksi kwa sababu "klachi pleti imekwisha". Mara nyingi ushauri huo ni wa haraka mno. Klachi pleti, ile sahani inayobanwa kuunganisha injini na giaboksi, ikiisha, klachi huteleza: injini inanguruma lakini mwendo hauongezeki, hasa ukiwa gia ya nne, umebeba mzigo na unapanda mlima. Gia zikikwaruza au zikikataa kuingia, hali ni kinyume chake. Klachi haiachii, yaani haitenganishi injini na giaboksi. Kwenye gari lenye klachi inayosukumwa kwa mafuta, chanzo chake mara nyingi kiko nje ya giaboksi, mahali unapofika kwa tochi na spana mbili tatu.

Hakikisha kwanza kwamba ni klachi kweli. Zima injini, kanyaga pedali, pitisha gia zote. Zikigoma hata injini ikiwa imezimwa, shughulika na leva na giaboksi yenyewe. Zikiingia laini, washa injini, iache ingurume polepole, kanyaga pedali hadi chini, hesabu mpaka tano, kisha ingiza rivasi. Kwenye pikapu nyingi za zamani rivasi haina sinkronaiza (kifaa cha kulinganisha kasi ya gia kabla hazijaingiana), kwa hiyo haina cha kuficha: ikikwaruza baada ya sekunde tano, bado kuna kitu kinachozungusha shafti ya giaboksi.

Sasa fungua boneti uangalie kikopo cha mafuta ya klachi. Hapa wengi hujichanganya kwa kufuata mazoea ya breki. Pedi za breki zikilika, mafuta kwenye kikopo chake hushuka, na hilo ni la kawaida. Klachi ni tofauti. Klachi pleti ikipungua unene, foku (uma unaosukuma beringi ya kuachia klachi) husukuma pistoni ya silinda ya chini, ile iliyo kwenye giaboksi, irudi ndani, na mafuta hupanda kidogo kwenye kikopo. Kwa hiyo kikopo cha klachi kinachopungua hakina maelezo mengine: kuna mahali panavuja. Kujaza tu na kuendelea na safari ni kuahirisha.

Pa kutafuta ni pachache. Ingiza mkono ndani ya kabini, juu ya pedali, pale fimbo inapoingia kwenye masta silinda, silinda ya juu inayosukumwa na pedali. Ukigusa unyevu, au rangi ya ukuta wa bati hapo imeanza kubanduka, raba ya nyuma ya masta imeshindwa. Mafuta ya breki, ambayo ndiyo hutumika kwenye klachi, hula rangi, kwa hiyo yanajisaliti yenyewe. Kisha ingia chini ya gari, vuta mpira wa vumbi wa silinda ya chini. Ndani panapaswa kuwa pakavu, au penye unyevu wa kupaka kidole tu. Yakidondoka matone, silinda hiyo imekwisha.

Ukikuta tone linaning'inia chini ya kengele ya giaboksi (ganda linalofunika klachi) na hujui ni mafuta gani, lidondoshe kwenye glasi ya maji. Mafuta ya breki huchanganyika na maji na kupotea. Oili ya injini au ya giaboksi huelea. Kwenye gari ambalo silinda yake ya klachi imekaa ndani, imezunguka shafti, tone la mafuta ya breki hapo linamaanisha kwamba giaboksi itashuka tu.

Kama hakuna uvujaji, pima. Hiki ndicho kipimo kinachoamua kila kitu, na ndicho mafundi wengi wanachokiruka. Injini ikiwa imezimwa na magurudumu yamezuiwa kwa magogo, weka rula kando ya fimbo ya silinda ya chini, mwenzako akanyage pedali polepole hadi mwisho. Soma fimbo imesogea kiasi gani. Namba kamili iko kwenye kitabu cha gari lako, lakini kwa pikapu nyingi zenye silinda ya nje tegemea kitu cha karibu mm 12 au zaidi. Ukipata mm 6 au 7, usiguse giaboksi. Nguvu inapotea njiani. Fimbo ikienda safari yake yote na gia bado zinakwaruza, hapo ndipo tatizo liko ndani.

Tuseme fimbo imesogea kidogo. Pampu pedali mara tano mfululizo, upime tena. Safari ikiongezeka na pedali ikawa ngumu, kuna upepo kwenye mfumo, au masta haisukumi sawasawa. Kutofautisha, kanyaga pedali na uishikilie kwa dakika nzima huku mwenzako akitazama rula. Upepo hubanwa na kubaki umebanwa. Fimbo hukaa pale pale. Fimbo ikirudi taratibu ilhali mguu wako haujasogea na hakuna tone lililodondoka nje, mafuta yanapita pembeni ya raba ndani ya masta. Hii ndiyo ile gari inayoanza kujivuta yenyewe kwenye foleni huku umekanyaga klachi.

Kabla ya kununua masta, hata hivyo, tazama inavyokaa. Kwenye gari lililofanya kazi miaka mingi, ukuta wa bati ambao masta imefungwa huweza kupasuka kuzunguka bolti. Mwenzako akikanyaga, masta nzima inasogea mbele. Angalia pia pini inayounganisha pedali na fimbo, kwa kuwa tundu lake hulika likawa na umbo la yai. Pedali ni wenzo, kwa hiyo mm 2 zilizopotea kwenye pini, kama wenzo ni wa mara tano, ni mm 10 za pedali inayoshuka bure. Shika pia mpira wa mafuta unaokwenda silinda ya chini wakati pedali inakanyagwa. Ukiusikia unavimba mkononi, nguvu inaishia hapo.

Kuna kosa la upande wa pili. Fimbo ya masta ikirekebishwa ikawa ndefu kupita kiasi, pistoni hairudi hadi mwisho, na kile kitundu kidogo kinachorudisha mafuta kwenye kikopo hubaki kimezibwa. Mafuta yakipata joto hutanuka, hayana pa kwenda, na klachi huanza kuteleza kana kwamba pleti imekwisha. Asubuhi gari ni nzuri, baada ya saa moja barabarani halina nguvu. Dawa yake ni kuacha uhuru kidogo, mm 1 hadi 5 ukipima juu ya pedali kwa kidole, kabla fimbo haijaanza kugusa pistoni. Kuhakikisha, fungua kikopo na utazame huku pedali ikikanyagwa taratibu: mwanzoni kabisa mafuta yanapaswa kutibuka kidogo. Yasipotibuka, kitundu kimezibwa.

Ukibadilisha silinda, soma kipimo kilichoandikwa kwenye chuma chenyewe. Vipimo kama inchi 5/8, 3/4 na 13/16 vinafanana kwa macho, ila matokeo yake hayafanani. Masta ya mm 15.87 ikisogea mm 30 na silinda ya chini ni ya mm 20.64, fimbo ya chini itakwenda karibu mm 17.7. Weka silinda ya chini ya mm 22.2, safari inashuka hadi karibu mm 15.3. Pedali itakuwa laini, utaipenda, kisha rivasi itaanza kukwaruza. Upepo utautafuta wiki nzima na haupo.

Kuhusu kubadilisha raba peke yake: inafaa ikiwa ukuta wa ndani wa silinda ni laini kabisa. Pitisha ukucha. Ukikwama kwenye kishimo cha kutu, raba mpya italiwa upesi. Na masta ikiwa imekufa kwa uzee, silinda ya chini ni ya umri uleule. Ni busara kuzibadilisha pamoja.

Tumia mafuta yaliyotajwa kwenye kifuniko, kwa kawaida DOT 3 au DOT 4. Usichanganye na DOT 5, ambayo ni ya silikoni. Oili ya injini au ya giaboksi otomatiki usiitie hata tone: raba huvimba, na baada ya hapo ni kubadilisha kila raba na mipira yote. Chupa iliyokaa wazi muda mrefu nayo imekwishanyonya unyevu hewani, iache.

Kutoa upepo kunahitaji watu wawili, mrija unaoonyesha ndani, chupa yenye mafuta kidogo chini yake, na karibu nusu lita ya mafuta mapya. Mmoja anakanyaga taratibu na kushikilia. Wa chini analegeza nati ya kutolea upepo robo mzunguko, anaikaza, ndipo pedali iinuliwe, kwa mkono ikibidi. Rudia mara 10 hadi 15, huku kikopo kisipungue chini ya nusu. Usipampu kwa fujo, utayafanya mafuta yawe povu. Kama masta ni ya zamani, weka kipande cha ubao chini ya pedali: ikishuka kupita safari yake ya kila siku, raba inaingia sehemu ya silinda yenye kutu na kuchanika. Nati yenyewe ina tundu katikati na hukatika kirahisi, usiikaze kwa hasira.

Upepo ukigoma kutoka, angalia nati iko wapi. Kama haiko juu kabisa ya silinda, upepo utabaki nyuma yake hata ukitoa mafuta lita mbili. Fungua bolti za silinda, ielekeze nati juu, shikilia pistoni isiruke, utoe hivyo. Njia nyingine ni kupunguza mafuta kwenye kikopo, kisha kusukuma pistoni ya chini irudi ndani polepole. Mapovu yatapanda yenyewe hadi juu.

Rudi kwenye rula. Fimbo ikifikisha safari yake na rivasi bado inakwaruza, shusha giaboksi, na uangalie zaidi ya klachi pleti. Tazama kama foku ina ufa au imelika pale inapoegemea, kwa sababu inaweza kupinda na kuila safari yote kabla haijafika kwenye beringi. Telezesha klachi pleti kwenye shafti, isikwame kwa kutu. Mwisho tia kidole kwenye beringi ndogo iliyo katikati ya flaiwili (gurudumu zito lililo nyuma ya injini) na uizungushe. Ikikaza, ndiyo iliyokuwa ikizungusha shafti hata klachi ikiwa imeachia.