Shemeji amefungua barua ya posa, mimi namimina chai

SWALI: Shikamoo Bibi. Mimi ni Msukuma wa Magu, nimeoa Mluguru wa Matombo. Mwezi uliopita washenga walileta barua ya posa ya binti yetu mkubwa, ana miaka 24. Nikaiweka juu ya kabati, maana mke wangu alisema isiguswe mpaka kaka yake ashuke kutoka mlimani. Shemeji akaja Jumamosi, akafungua leso yeye, akahesabu hela yeye, akasema majibu yatatoka akishaongea na wa kwao. Mimi niliyemlisha na kumsomesha mtoto nikabaki namimina chai. Kwetu ukishatoa ng'ombe, watoto ni wa kwako. Je, nimedharauliwa?
Baba wa Binti, Morogoro

JIBU: Marahaba, mkwe wetu. Hapo kwenye chai nimecheka, unisamehe. Siku ya posa yangu baba yangu naye alikaa karibu na mlango, kofia magotini, mjomba akipatana mahari utadhani yuko mnadani. Jioni baba akaniita uani, akaniuliza, "Huyo kijana unamtaka?" Mjomba hakuwa amefika huko.

Hujadharauliwa. Umeoa kwa watu wanaohesabu ukoo kwa mama. Mluguru huzaliwa katika lukolo, yaani ukoo, wa mama yake, na ndani ya lukolo kuna tombo, wale waliotoka kwa bibi mmoja. Tombo ni ziwa la mama. Hata jina la Matombo hapo kwa wakwe zako linatokana na vilima vilivyosimama kama maziwa. Shamba la ukoo nalo hufuata njia hiyo hiyo: mwanao akitaka pa kulima kule juu, hakuombi wewe, anamwomba mjomba. Kiswahili nacho kinamtenga mjomba na baba mdogo. Hawa vijana wanaowaita wote "anko" wanajipunja.

Wala si Uluguru peke yake. Wayao wako hivyo, Wamakonde, Wachewa wa Malawi, Wabemba wa Zambia. Kwa Waashanti wa Ghana hata ufalme hupitia kwa mama: Osei Tutu II aliyetawazwa 1999 alipendekezwa na malkia mama, na huyo malkia ndiye aliyemzaa.

Sasa sikiliza upande ambao shemeji yako hakuutaja siku ile. Anayehesabu hela ndiye anayeitwa mambo yakiharibika. Ndoa yangu ilipovunjika, mwaka wa tatu, wazee wa upande wa pili hawakubisha hodi kwa baba. Walikwenda kwa mjomba. Aliuza mbuzi wake wawili kurudisha mahari aliyokwisha kuila, na mmoja alikuwa na mimba. Nilikuwepo wakati anafunguliwa kamba, na mjomba hakunitazama. Tangu siku hiyo sijamwonea wivu mtu anayefungua leso.

Lakini wako wajomba wa siku hizi wanaokumbuka leso tu. Ada ya shule ikidaiwa, simu haipatikani. Kama wako ni wa aina hiyo, una haki ya kukasirika, na mkeo anajua.

Ukisema nikupeleke kwenye sheria, hamtafurahi nyote wawili. Sheria ya Ndoa ya 1971 inasema ndoa haiharibiki kwa mahari kutolipwa, na binti wa miaka 24 hahitaji idhini yako wala ya mjomba wake.

Ningekuwa wewe, ningepanda Matombo kabla majibu hayajatoka. Usiende peke yako, chukua kaka yako au mzee wa kwenu, maana mkwe akienda mwenyewe huonekana amekwenda kugomba. Mbele ya wazee muulize shemeji: mtoto akirudi nyumbani na begi lake, nani atajibu? Akisema yeye, mwache ahesabu. Akianza kukohoa, omba barua ya majibu iandikwe majina mawili, lako na lake. Wazee wa huko si wagumu kama unavyowaza, ila wanataka waendewe.

Jambo moja limenisumbua. Umenieleza leso, hela, kabati na chai. Binti mwenyewe ameulizwa na nani?