Nina uwanja Pongwe, nijenge godauni au niuze?

SWALI: Dada mhariri shikamoo. Mimi msomaji wako wa siku nyingi, naishi Tanga. Marehemu baba alituachia uwanja kama heka moja na nusu huku Pongwe, sio mbali na barabara ya Segera. Tangu bandari ipanuliwe madalali hawakauki mlangoni, mmoja anasema niuze sasahivi bei imechangamka, mwingine anasema nichukue mkopo benki nijenge godauni, eti meli zikijaa wapangaji watapigana vikumbo. Ndugu zangu wenyewe wamegawanyika. Nifanyeje?
Mwenye Uwanja, Pongwe

JIBU: Marahaba kaka, na mzee apumzike kwa amani. Nianze na bandari maana hapo madalali hawajakudanganya. Zamani, na wala sio zamani sana, meli kubwa ilikuwa haifiki gatini Tanga, inatia nanga nje huko kama kilomita 1.7, mzigo unashushwa kwenye matishari, yaani vyombo bapa vya kubebea mzigo, matishari yanavutwa mpaka gatini, unashushwa tena, yaani mzigo mmoja unabebwa mara mbili na anayelipa ni mwenye mzigo. Ndo maana mfanyabiashara wa Arusha alikuwa radhi apitishie Dar wakati kwa barabara Tanga ni karibu kuliko Dar kwa kama kilomita 200. TPA, mamlaka ya bandari, wakachimba, kina kikatoka mita 3 mpaka 13, gati mbili zenye urefu wa mita 450 zikaimarishwa, kazi yote shilingi bilioni 429.1. Sasa meli inafunga kamba gatini kabisa na lori linapakia pale pale. Kwa mji wetu hili ni jambo kubwa na mimi nalifurahia kweli.

Ila kaka, meli kufunga gatini ni kitu kimoja na wewe kupata mpangaji ni kitu kingine. Mzigo mwingi wa bandarini unapita tu, kontena linatoka getini linaingia barabarani jioni liko Moshi, halijalala Tanga hata usiku mmoja. Viwanda vya simenti vina sehemu zao za kuhifadhi. Na hili bomba la mafuta ambalo kila dalali analitaja, linatoka Hoima Uganda kilomita 1,443 mpaka Chongoleani, mafuta yanaingia kwenye matangi yanapakiwa melini, hayahitaji godauni la mtu. Wanaopanga ni wakandarasi wa bomba na wao wakimaliza ujenzi wanafunga virago, sasa kama mkopo wako ni wa miaka 10 na mpangaji ni wa miaka 2 hiyo mingine unalipa na nini?

Mzigo unaolala ndo wa kuufuata. Katani ya Korogwe na Muheza inasubiri meli ikiwa kwenye marobota, chai ya Usambara, kahawa ya kaskazini, mbolea inayopelekwa mikoani kabla ya msimu, na siku hizi magari. Nenda kakae na mawakala wa forodha pale mjini uwaulize wamekwama wapi, wanakosa ghala la kavu au wanakosa eneo la kupaki, na uwaulize wangelipa kiasi gani kwa mwezi. Fanya hivyo kabla hujanunua hata tofali moja. Mi maoni yangu uanze na yadi, yaani eneo la wazi la kuweka mzigo na magari, sawazisha ardhi, mwaga kifusi, shindilia vizuri, weka uzio na taa na geti ambalo semitrela la futi 40 linakata kona bila kurudi nyuma mara tatu. Gharama yake ni ndogo kuliko godauni na ukipata mpangaji wa maana anayesaini miaka mitano ndo unamjengea kwa mahitaji yake. Maana nimeona magodauni yamejengwa kwa pupa, sakafu nyembamba, foklifti ikipita na mzigo miezi michache tu saruji imepasuka, mlango mfupi lori haliingii, masika yakianza maji yanatuama mlangoni na gunia za chini zote zimeloa, mpangaji anaondoka na anadai fidia juu. Kama utaweka katani ndani zungumza na zimamoto na watu wa bima mapema, nyuzi zile zikishika moto hazina simile.

Sasa kitu ambacho madalali hawakukwambia na ndo kikubwa kuliko vyote, hati bado iko jina la nani? Kama bado ni la marehemu hakuna kati yenu anayeweza kuuza wala kuweka rehani. Kaeni kikao cha ukoo, pelekeni jina mahakamani, msimamizi wa mirathi ateuliwe, halafu umiliki ubadilishwe. Wakati huo huo angalia hati imeandikwa matumizi gani, kama ni makazi au shamba lazima uombe kubadili matumizi kupitia halmashauri ya jiji kwanza. Akija mgeni na hela mkononi anataka kununua, ujue sheria ya ardhi ya 1999 haimruhusu asiye raia kumiliki ardhi isipokuwa kwa uwekezaji ulioidhinishwa, kwahiyo mwambie apange. Na mpangaji akiwa kampuni atakata asilimia 10 ya kodi ya pango kama kodi ya zuio, yaani anaizuia na kuilipa serikalini kwa niaba yako, mdai cheti chake kila anapokata.

Kuuza sikushauri kwa sasa, dalali anayekuharakisha hivyo ana mnunuzi tayari na mnunuzi huyo ana sababu zake.

SWALI: Anti, naagiza gari Japani, nipo Moshi. Nishushie Dar au Tanga?
Mama Wawili, Moshi

JIBU: Mama, ushuru wa mamlaka ya mapato, TRA, ni ule ule popote gari linaposhukia, kwahiyo usiingizwe mjini na mtu anayekwambia Tanga kodi ni ndogo. Tofauti iko kwenye nauli ya meli, tozo za bandari na uwakala, siku za kusubiri, na mafuta ya kulileta nyumbani. Mwambie anayekuuzia akupe bei mbili, ya Dar na ya Tanga, na tarehe ya meli ya kila bandari, halafu jumlisha mpaka Moshi. Meli ya Tanga ikiwa karibu chukua Tanga, ikiwa ni ya kusubiri miezi miwili na gari unalihitaji kwa biashara, pitishia Dar.