Mtoto mwenye mzio wa karanga na mialiko ya sikukuu

Dada, umeuliza kama umnyime mwanao mwaliko wa sikukuu kwa sababu ya mzio wa karanga, au umpe tu kidonge cha aleji kabla hamjatoka. Mpeleke, ila hicho kidonge usikitegemee. Binti yangu ana mzio huohuo na kila sikukuu tunakula kwa watu.

Chakula kinachojulikana kina karanga si tatizo kubwa, kila mtu anakikwepa. Mimi naogopa upawa uliotoka sufuria hii ukaingia ile, na mafuta yaliyokwisha kukaangiwa vingine. Moto hausaidii, karanga ikaangwe au ichemshwe bado inadhuru. Kwa hiyo naongea na mpishi siku kadhaa kabla, si mlangoni wageni wakiwa wamejaa. Binti anapakuliwa wa kwanza, vijiko havijaanza kuzunguka. Kitu kisicho na lebo binti hakili, na pakiti tuliyoizoea naisoma upya kwa sababu viwanda hubadilisha viambato. Watoto wenzake wakila karanga wanawe kwa maji na sabuni. Ile jeli ya mikono inaua vijidudu tu, karanga inabaki palepale.

Pamoja na yote hayo, kuna mwaka ilitokea. Shangazi yake alimfuta mdomo kwa kitambaa alichojifutia yeye. Binti akaanza kujikuna shingo, midomo ikavimba, akatapika, halafu sauti ikakwaruza na akawa kimya. Huo ukimya ndio ulionitisha. Nilimchoma sindano ya adrenalini, dawa ya dharura ya mzio mkali, pajani, upande wa nje, juu ya nguo, nikamlaza miguu ikiwa juu, mjomba wake akapiga simu ya dharura. (Mtoto anayehema kwa shida anaweza kukaa, ila asisimamishwe wala kutembezwa.) Kidonge hutuliza vipele na muwasho. Koo linalobana hakilifungui, na presha inayoshuka hakiipandishi. Hospitali walimweka chini ya uangalizi ingawa alishachangamka, kwani dalili huweza kurudi saa kadhaa baadaye.

Omba sindano mbili. Ya kwanza isipotosha, ya pili huchomwa baada ya dakika 5 hadi 15, kwa maelekezo ya daktari wako. Usiziache kwenye gari juani wala usiziweke kwenye friji.

Na jambo ambalo watu hawalisemi: nyumba ikijaa, kila mtu mzima anadhani mwenzake anamwangalia mtoto. Sisi tunamtaja mtu kwa jina, "Saa hii ni wewe," na mkoba wa sindano anaushika yeye, akiwa ameshafundishwa kuchoma. Anayeshika zamu ndiye pia anayewajibu wazee wanaosema aonje kidogo tu.

Kama bado hujaandikiwa sindano, muone daktari wiki hii, kabla kliniki hazijafunga kwa sikukuu.