Maswali na majibu: Seli za kupandikiza kwa aliyeumia uti wa mgongo

Swali: Daktari, shikamoo. Mdogo wangu alipata ajali ya bodaboda na sasa miguu haifanyi kazi. Kupandikizwa seli ni shilingi ngapi, na hospitali gani? (Msomaji, Mbagala)

Jibu: Marahaba. Swali hili hunifikia mara kwa mara, na karibu kila mara haliniambii ajali ilitokea lini, pingili ipi iliumia, wala kama mgonjwa anahisi chochote akiguswa kwenye njia ya haja kubwa, kipimo ambacho daktari hukitumia kujua kama mawasiliano yote kati ya ubongo na sehemu iliyo chini ya jeraha yamekatika au kuna kilichobaki. Nawaomba tena wasomaji: andikeni hayo kwanza. Kuhusu bei, karibu kote duniani upandikizaji wa seli kwenye uti wa mgongo bado ni utafiti, na katika utafiti wa kweli mgonjwa halipishwi seli anazowekewa. Anayekutajia bei kwanza, kabla hata ya kuuliza habari za jeraha, ni mfanyabiashara.

Swali: Nimeona video kwamba Wajapani wamemsimamisha mtu aliyepooza kwa kumwekea seli. Je, ni kweli? (Msomaji, Sinza)

Jibu: Ni kweli, na ni habari kubwa, ila video hizo huacha nusu ya maelezo. Machi 2025, Chuo Kikuu cha Keio cha Tokyo kilitangaza matokeo ya wagonjwa 4 waliowekewa, kila mmoja, seli changa za neva zipatazo milioni 2. Seli hizo zilitokana na seli za kawaida zilizorudishwa kwenye hali ya uchanga, mbinu iliyomfanya Shinya Yamanaka ashiriki Tuzo ya Nobel mwaka 2012. Wagonjwa wawili walipata nafuu ya wazi, na mmoja wao aliweza kusimama bila kushikwa na kuanza kujifunza kutembea; wawili waliobaki hawakufika huko. Wote walipandikizwa kati ya siku ya 14 na ya 28 baada ya kuumia, na katika miezi ya mwanzo baadhi ya majeruhi hupata nafuu hata wasipowekewa seli yoyote. Kwa kuwa hapakuwa na kundi la kulinganisha, yaani majeruhi wa aina hiyohiyo wasiowekewa seli, haiwezekani kusema kwa uhakika ni kiasi gani cha nafuu hiyo kilitokana na seli. Wataalamu walitoa hoja hiyohiyo mwaka 2018, Japani ilipotoa kibali cha masharti kwa tiba ya seli za uloto (ute ulio ndani ya mifupa) wa mgonjwa mwenyewe, baada ya 12 kati ya wagonjwa 13 kuonyesha nafuu bila kundi la kulinganisha. Nina matumaini makubwa na kazi ya Keio, lakini mtu aliyeumia miaka mitano iliyopita hayumo katika kundi lililopimwa.

Swali: Hospitali ya Benjamin Mkapa wanapandikiza uloto. Kwa nini MOI (Taasisi ya Mifupa Muhimbili) wasipandikize seli za mgongo? (Msomaji, Kimara)

Jibu: Uloto anaopewa mgonjwa wa selimundu (ugonjwa wa damu wa kurithi) hufanya kazi yake ya asili, yaani kutengeneza damu. Kwenye uti wa mgongo seli inatakiwa ibaki hai ndani ya jeraha, igeuke kuwa neva au utando unaozifunika neva, na nyuzi za neva zivuke kovu hadi mahali pake. MOI hawajachelewa katika hili.

Swali: Je, vidonge vya seli shina (seli changa zinazoweza kugeuka kuwa za aina nyingine) vinasaidia? (Msomaji, Tegeta)

Jibu: Havisaidii. Seli hai haikai kwenye kopo rafuni.

Swali: Wakala ametuahidi kumpeleka kaka yetu nje kupandikizwa seli na anataka malipo ya awali. Tuuze kiwanja cha Chanika? (Msomaji, Gongo la Mboto)

Jibu: Msiuze. Mwaka 2006 watafiti walichapisha taarifa za wagonjwa 7 waliowafuatilia kabla na baada ya kupandikizwa seli nchini China: hakuna aliyepata nafuu ya maana, na 5 walipata madhara, yakiwemo maambukizi ya utando wa ubongo na uti wa mgongo. Mwaka 2014 iliripotiwa habari ya mwanamke wa Marekani ambaye, miaka 8 baada ya kuwekewa tishu za pua mgongoni nchini Ureno, alikutwa na uvimbe uliokuwa ukitoa ute kama wa puani, akafanyiwa upasuaji wa kuuondoa. Isitoshe, tafiti nyingi humkataa mtu aliyekwisha kuwekewa seli kwingine, hivyo mnaweza kununua leo kitu kitakachomfungia kaka yenu mlango wa kesho. Mwulizeni wakala utafiti huo umesajiliwa wapi, na nani atamhudumia kaka yenu akipata homa baada ya kurudi Dar es Salaam. Fedha ya kiwanja, kama lazima iuzwe, inunue kitimwendo kinachomtosha, mto wake na vifaa vya mkojo.

Swali: Mwanangu alianguka mwembeni miaka miwili iliyopita, yuko kitandani na ana kidonda mgongoni. Tumsubirishe seli? (Mama, Kigamboni)

Jibu: Mama, pole sana. Kidonda hicho ndicho cha kushughulikia sasa, kwa sababu wagonjwa wetu wengi hufariki kwa vidonda na maambukizi ya mkojo, na hata tafiti za seli huwakataa wenye maambukizi. Mgeuzeni kila baada ya saa mbili, usiku pia, wala msimlaze juu ya kidonda. Kila asubuhi kagueni mfupa wa mkia, nyonga na visigino. Vitabu husema mtafute wekundu, lakini kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri: gusa kwa mgongo wa kiganja, na palipo na joto, ugumu au weusi uliozidi, pasiguse godoro mpaka pawe sawa. Kama kidonda kimefika mfupani, kinanuka au mtoto ana homa, mpelekeni hospitali leo.