Uliza Yaya: Banasifu demo yangu, lakini hakuna mwenye analipa

Jambo Yaya. Mi niko nauzisha programu ya stoki na fakitire kwa bale benye depo za dawa hapa Lubumbashi. Naenda na ordinatere, naonyesha byote, ripoti, grafiki, hata vile patroni anaweza kuangalia stoki mu telefone akiwa Kasumbalesa, anafurahi, anasema "iko muzuri sana, tutakuita". Kisha kimya. Nikipiga simu banasema iko mu reyinio. Demo iko na shida gani?
— F., Kampemba

Mudogo wangu F., ile "tutakuita" unaijua we mwenyewe, ni kukusindikiza mupaka ku mulango bila kukuvunja roho. Demo yako haiko mubaya, ila unaileta mbele ya wakati. Unafungua ordinatere na hauyajua bado ile depo inapotezaka feza wapi. Mara ya kwanza enda mikono mitupu, ikala na magazinye, muulize: dawa gani zinaexpirekaka ku rafu, nani anaandikaka mu kaye, dola ikipanda saa sita munabadilishaka bei namna gani? Pale njo utajua uonyeshe nini, na ile ingine yote uache, hata kama ulikesha juu yake (grafiki zako nazo!).

Halafu ingiza dawa zake mwenyewe mbele ya kufika. Mutu akiona "Produit A, Produit B" anaona programu ya batu bengine. Akiona kinini yake na parasetamoli yake, na bei yake, anaanza kubishana na ordinatere, "hapana, ile haiwezi kuwa mingi hivi, ile katoni tulishauzisha", na patroni anageuka kuangalia magazinye, na we unanyamaza kabisa. Demo njo inaanza pale.

1854 mu New York kulikuwa bwana moja, Elisha Otis, alikuwa na breki ya asanseri ya kuuzisha. Hakusomea batu maelezo ya chuma. Alipanda juu mbele ya bote, akaamuru bakate kamba, asanseri ikashuka kidogo tu, ikasimama. Batu baliogopaka kamba kukatika, basi alikatisha kamba.

Sasa bakliyenti bako banaogopa nini? Kuran! Kila patroni iko najiuliza mu roho: SNEL ikikata kati kati ya fakitire, stoki yangu inapotea? Basi tumia ordinatere ya mezani, ile haina batri, anza fakitire, na prise uchomoe we mwenyewe mbele yake. Washa tena, fungua, muonyeshe fakitire iko pale pale. Kama haiko pale, usiende kwa mutu, rudi kwanza ku kazi.

Angalia pia nani ameikala mu chumba. Patroni anasifu, kontable njo anaua, juu ya TVA ya 16% na franki na dola bitamwangukia yeye. Na magazinye anaogopa mashini itamuita mwizi, hata kama haibi, kwa hiyo mupatie klavye aandike yeye, polepole, akikosea usimunyanganye. Mbele ya kufunga ordinatere uliza waziwazi nani anaweka sinyatire ya kulipa, na tunajaribu ku rafu gani, kuanzia siku gani mupaka siku gani. Akikosa siku ya kukupatia, usingojee simu yake, enda ku depo ingine.

Yaya, tunafunga na kutengeneza pompe za maji ku kampuni za madini. Banaomba tulete pompe moja ku site kwa demo. Mazutu nani analipa?
— Bandugu ba Ruashi

Nyinyi, mara mingi. Lakini mbele ya kupakia, ulizeni serivisi ya kununua kama karatasi zenu ziko sawa: sheria 17/001 ya mwezi wa pili 2017 inawekea kazi za sutretansi (kazi yenye kampuni kubwa inapatia kampuni ingine ifanye) kampuni zenye kapitali yao kubwa iko mikononi mwa Bakongomani, na kuandikishwa ni ku ARSP, ofisi ya serikali yenye inasimamia ile sutretansi. Fundi wa site anaweza kupenda pompe yenu mupaka kesho, kama karatasi haiko, pompe inarudi mu gari. Na bawaandikie mbele itapimwa na nini, maji kiasi gani kwa saa, kutoka shimo la metre ngapi. Bila ile, mwengine atafika na pompe ya kivivu yenye rangi ya kungaa, na atashinda.