Re: Setilaiti inapima mionzi tu, mzunguko wa hewa inaujuaje?
Mkuu umeuliza setilaiti inajuaje mzunguko wa hewa wakati upepo wenyewe haiuoni. Iko hivi, wingu refu la mvua ya tropiki kilele chake kiko juu kwenye baridi kali kwahiyo linatoa mionzi ya joto kidogo kwenda anga za juu, ukiona imeshuka chini ya wati 240 hivi kwa mita ya mraba ujue hapo hewa inapanda kwa nguvu. Sahara wakati wa joto anga safi, mionzi inapanda sana, hewa inashuka. Sasa panga ramani za mionzi hiyo siku kwa siku uone mawingu yanavyotambaa toka Bahari ya Hindi kwenda Pasifiki, yanajirudia kila siku 30 mpaka 60, ndo mtikisiko wa Madden na Julian huo (wanasayansi waliougundua), hapo ndo patamu kabisa! Data za mionzi hiyo zipo tangu 1974 ila 1978 kuna pengo, liangalie.