Kipima nywila lazima kiijue Kigoma

Ukitengeneza fomu ya usajili kwa watu wa huku kwetu, usiridhike na masharti kwamba nywila (neno la siri) iwe na herufi kubwa, tarakimu na alama. Nywila kama Liemba1927! inayatimiza yote. Lakini Kigoma nzima inaijua meli ya Liemba, na 1927 ndio mwaka iliporudi kazini Ziwa Tanganyika ikiwa na jina hilo. Jirani mwenye nia mbaya ataanza kukisia hapohapo.

Hili nililiona nikiwasajili wafanyabiashara wa dagaa wa Kibirizi kwenye mfumo wa oda. "Mwanangu, niandikie Mwanga2020 tu, nisije nikasahau," aliniambia mama mmoja mbele ya wenzake. Mtaa, mwaka, basi. Fomu ikikataa, wanabandika alama ya mshangao mwishoni, nayo inakubali. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, iliachana na masharti ya namna hii katika mwongozo wake wa 2017, ikasisitiza urefu na kukataa nywila zilizokwisha kuvuja.

Mimi natumia kipima nywila kiitwacho zxcvbn, maktaba ya bure (msimbo ulio tayari wa kuongeza kwenye programu yako) iliyotolewa na kampuni ya Dropbox mwaka 2012. Inakadiria mdukuzi angehitaji kubahatisha mara ngapi, kisha inatoa alama kuanzia 0 hadi 4. Ni nzuri sana, ila kamusi zake ni za Kiingereza na majina ya Kimarekani. Migebuka, samaki wa ziwa letu, kwake ni herufi zilizomwagwa ovyo, kwa hiyo huipa sifa isiyoistahili. Bahati njema, inakubali pia orodha yako mwenyewe:

zxcvbn(nywila, ["kigoma", "ujiji", "mwanga", "liemba", "dagaa", "migebuka", "mwishowareli"])

Hata mtu akiandika K1goma, itamgundua. Orodha yangu ina mitaa, vijiji vya mwambao, majina ya watoto, timu za mpira na maneno ya ibada, pamoja na jina na namba ya simu ya anayejisajili. Kuikusanya kunachosha, lakini hakuna mtu wa mbali atakayekufanyia.

Ujumbe wa kukataa nao uwe na msaada. "Nywila dhaifu" humwacha mtu palepale. Mwandikie: "Hili ni jina la mtaa, ni rahisi kukisiwa. Unganisha maneno manne yasiyohusiana." Ruhusu nafasi kati ya maneno, na weka kitufe cha kuonyesha alichoandika.

Kisha rudia ukaguzi huohuo kwenye seva, kwa sababu ule wa kwenye kivinjari mtu anaweza kuuruka. Na kama unahifadhi nywila kwa bcrypt, njia ya kuzificha ili zisisomeke, inatumia baiti 72 za kwanza tu. Weka ukomo hapo na umwambie mtumiaji, nywila yake isikatwe kimyakimya.